Bawabu na Mwanawe

Bruda Wymond alikuja kwangu Alhamisi moja, wiki mbili kabla ya Siku ya Marehemu Wote, akiwa ameukumbatia mfuko wake wa ngozi kama mtu aliyeiba kuku. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyo na haraka. Mimi nilikuwa nachambua njegere kavu. Nilimpa kigoda karibu na moto, nikampa na kitambaa cha kufutia miguu, maana watawa wale huvaa viatu vya wazi hata Oktoba na hawafikirii sakafu za watu.

"Mama Idonea," akasema, akielekeza nyayo zake motoni, "masikio bado yapo?"

"Yapo. Jumapili nilikusikia ukiimba, nikatamani yasingekuwepo."

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu mnene, mwenye doa la wino mdomoni kwa tabia yake ya kulamba kalamu, na ndiye aliyekuwa akiandika historia ya abasia yetu: mafuriko, nyota zenye mkia, maaskofu waliokufa, na zaidi ya yote ile vita ya ndugu, ambamo vitukuu wa mfalme mmoja walichinjana miaka thelathini wakigombea taji, na sisi wengine tukachinjwa katikati yao.

"Nimekuja kwa ajili ya Ranulf," akasema.

Mkono wangu ukasimama ndani ya bakuli la njegere.

Ranulf alikuwa bawabu wa Lango la Kaskazini hapa Haverby, mtu mrefu mwenye bega moja lililoshuka. Katika mwaka mbaya kuliko yote wa vita ile, jeshi la kaskazini liliposhuka likipora kila mji njiani, lango letu lilifunguliwa kutoka ndani. Walikufa watu kumi na mmoja, na kinu cha kusagia kikachomwa. Baada ya Pasaka upande wa pili ukashinda, wajumbe wa mfalme mpya wakaja, na Ranulf akanyongwa sokoni kwa kosa la kulifungua. Tangu hapo parokia ilikataa kuliandika jina lake.

Kwetu hilo si jambo dogo. Mtu akifa, jina lake huandikwa katika orodha ya parokia, na kila mwaka Siku ya Marehemu padri huisoma yote, toka juu mpaka chini, watu wamepiga magoti. Asiyesomwa haombewi, na asiyeombewa anakaa toharani bila wa kumuulizia. Ranulf alikuwa amekaa hivyo miaka ishirini na mitano.

"Binti yake, Amice, amemwomba padri amwingize baba yake," Bruda akaendelea. "Padri hataki lawama. Kanitupia mimi. Nikisema Ranulf alifungua, basi, asisomwe. Nikisema hakufungua, atasomwa mwaka huu huu. Amice anakohoa damu, Mama. Sijui kama ataiona Siku ya Marehemu nyingine."

Nilijua. Amice alikuwa akiniletea maziwa ya mbuzi wake kila asubuhi, na kikohozi chake nilikuwa nakisikia kabla hajafika kwenye kizingiti.

Bruda akafungua mfuko, akatandika karatasi zake juu ya kikapu changu kilichofunikwa, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kama mwanamke anayeanika samaki.

"Hii ya kwanza ni barua ya Bi Philippa, mke wa mfanyabiashara wa sufu, kwa mumewe aliyekuwa London. Imeandikwa siku ya tatu baada ya lango kufunguliwa, wakati kinu bado kinafuka moshi. Anasema bawabu. Ya pili, kitabu cha mji, kwa Kilatini, miezi mitatu baadaye, pamoja na kiapo cha shahidi. Kinasema bawabu. Ya tatu, historia ya watawa wa mbali, mwendo wa siku mbili, watu wasio na ugomvi na yeyote hapa. Nao wanasema bawabu. Vinywa vitatu, neno moja. Ningependa kumsaidia Amice, lakini nitapita wapi?"

"Sasa kwangu umefuata nini?"

"Wewe ndiye pekee aliye hai aliyekuwepo langoni. Nithibitishie tu, nikamalize."

Mimi nilisoma kwa masista majira sita ya baridi. Herufi nazijua, Kilatini sikijui. Lakini kuuliza najua.

"Hao watawa wa mbali," nikasema, "habari waliipata wapi?"

"Waliazima kitabu cha mji wakanakili. Yaani hata pale karani wetu alipokosea herufi, nao wamekosea." Akatabasamu kwa dharau kidogo, maana anawaonea wivu kwa sababu ya wino wao mwekundu.

"Na kitabu cha mji?"

"Kwa viapo."

"Vingapi?"

Akafunua ukurasa, akaurudia. "Kimoja," akasema. "Chako."

"Na Bi Philippa alikuwa langoni?"

"Hapana. Anasema aliambiwa na mwanamke aliyemletea glavu, mke wa fundi..." Akanitazama mikono, ambayo mpaka leo ina alama za shabu tuliyokuwa tukilowekea ngozi.

"Ni mimi, Bruda. Huna vinywa vitatu. Una kinywa kimoja, nacho ni hiki, kimebakiza meno manne."

Akaziangalia karatasi zake, moja moja. Kisha akalamba kalamu. "Basi kiseme," akasema.

Nikamweleza, na hapa naeleza vilevile.

Mume wangu Drew alikuwa fundi wa glavu kwa tajiri mmoja aliyeitwa Hamo Bawabu. Jina hili ndilo lililoleta balaa. Zamani mtu aliitwa kwa kazi yake. Siku hizi jina limeganda kwenye ukoo na kazi imekwenda zake. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee Mhunzi aliyeoka mikate, na kijana Mwokaji aliyefua vyuma, na kila Jumapili watu waliwatania kwamba wabadilishane nyumba. Huyu Hamo hakuwahi kufanya kazi ya ubawabu maishani mwake. Babu wa babu yake ndiye aliyekuwa bawabu. Na sisi tuliokaa kwake darini tulimwita "Bawabu" tu, kama mtaa mzima ulivyomwita.

Wiki ile Ranulf, bawabu wa kweli, alikuwa kitandani na homa, anaweweseka. Zamu ya ulinzi, ambayo wenye nyumba walipokezana, ilikuwa ya Hamo, na Hawise, mke wa Ranulf, akampa Hamo ufunguo.

Alfajiri yenye ukungu nilitoka bandani kwa kuku chini ya ukuta, nimebeba mayai kwenye aproni. Ngozi laini ya glavu hulainishwa kwa kiini cha yai na unga, na kila asubuhi yalitakiwa mayai ishirini. Nikasikia sauti nje ya ukuta: "Baba. Baba, ni mimi. Baridi inaniua." Ilikuwa sauti ya Tebald, mtoto wa Hamo, aliyetoroka miaka miwili nyuma kwenda kutumikia mabwana wa kaskazini. Nikamwona Hamo amesimama kwenye ule mlango mdogo uliomo ndani ya lango, paji la uso kwenye mbao, analia. Kisha akaondoa komeo. Tebald akaingia. Akamkumbatia baba yake kwa nguvu, akamshikilia pale asisogee, na nyuma yake wakapita wanaume ishirini, wakafungua lango kubwa. Mayai yalinidondoka yote.

Walipora siku mbili. Siku walipoondoka nilimpelekea Bi Philippa glavu zake, kwa sababu kazi ni kazi. Alikuwa mgeni, ameolewa toka mji wa pwani, hajamaliza hata mwezi. Akaniuliza nani alifungua. Nikamwambia: "Bawabu na mwanawe." Akaandika hivyohivyo. Baada ya wiki mbili akamfuata mumewe London, hakurudi.

Kutoka kwake nikapitia tanuri la mtaa na unga wangu uliokandwa. Wanawake walikuwa wamejaa pale, kila mmoja na msiba wake. Mmoja akapiga kelele: "Lakini ni nani aliyefungua, jamani?" Nikasema, "Bawabu. Nimemwona kwa macho yangu."

Neno hilo tu. Sikuwa na ubaya. Lakini kabla sijafuta moshi machoni, walikwishaanza: "Nilijua! Ranulf huyo! Homa gani ile, homa ya uongo!" Nikafungua mdomo niwaambie, siyo yeye, ni Hamo. Nikafikiri: tukimtaja Hamo, nyumba itachukuliwa, na sisi tunalala darini mwake, ni Februari, na nina mimba ya miezi saba. Nikaufunga. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho zilipita miezi mitatu. Mjumbe wa mfalme alikaa kwenye ukumbi wa mji, nikawekwa mkono juu ya Injili. Akaniuliza, "Ulimwona bawabu akifungua?" Nikajibu, "Nilimwona Bawabu." Hakuna neno la uongo hapo. Karani akaandika kwa Kilatini, na Kilatini hakijui kwamba mtaani kwetu kuna mshona glavu mwenye jina la kazi ya mwingine. Kikaandika mlinda mlango. Hawise akasimama akasema ufunguo alimpa Hamo. Hamo akasema aliurudisha jioni, alipokwisha kufunga lango. Na neno la mke kwa mumewe halikuhesabiwa.

Ranulf alikuwa amesimama karibu nami, kama ulipo mlango na moto huu. Alikuwa bado dhaifu kwa ile homa. Alinitazama kwa matumaini. Alijua bandani kwa kuku mtu anaona mlango mdogo. Alidhani bado nina sentensi nyingine.

Nilipomaliza, Bruda Wymond hakuniambia pole. Alinihoji, na alikuwa na haki.

"Hamo amekufa lini?"

"Miaka sita. Kitandani, mishumaa minne."

"Mumeo?"

"Kabla yake."

"Kwa hiyo leo huna cha kupoteza. Na Amice anakuletea maziwa."

"Ananiletea."

"Mama, uone shida yangu. Kanuni yetu ni kwamba ushahidi wa karibu na tukio ndio wenye uzito. Kiapo chako cha wakati ule, ukiwa kijana, mbele ya mjumbe, dhidi ya maneno yako ya leo, jikoni, umezeeka, na kikombe cha maziwa ya mwenye kesi kiko hapo rafuni. Nina mashahidi wawili wanaopingana, na wote wawili ni wewe."

"Basi mwamini mzee. Kijana alikuwa anatetea dari."

"Sitakiwi kuamini. Natakiwa kuona."

Akaanza kukusanya karatasi. Nilihisi njaa ghafla, kama mtu aliyetembea siku nzima, na mikono yangu ikaingia tena kwenye njegere, ikachagua nzuri ikatupa chini. Kisha nikasema, "Soma barua ya Bi Philippa tena. Kwa sauti."

Akasoma, bila hamu: "'Mlango ulifunguliwa na bawabu na mwanawe, kama nilivyoambiwa na aliyeona...'" Akakata. Akaisogeza karibu na pua. Pembeni ya mstari kulikuwa na maandishi madogo ya mkono wa Bruda mwenyewe. Akayasoma kwa sauti ya chini: "'Hapa mama huyu amekosea. Ranulf hakuwa na mtoto wa kiume.'"

"Hakuwa naye," nikasema. "Alikuwa na Amice tu, ana miaka minane."

"Niliona ni kosa la mgeni," Bruda akasema. "Kitabu cha mji hakina mwana, wale watawa hawana mwana, nikaona hilo neno limezidi, nikalifuta kwenye nakala yangu." Akaweka barua magotini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Miaka tisa nimekuwa na neno moja tu la kweli kwenye kabati, nalo ndilo nililolifuta."

Sikumcheka. Wakosaji wawili tulikuwa tumekaa pale.

"Utaandika Hamo?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Nitaandika kwamba hakuwa Ranulf. Hilo naweza kulisimamia, barua inanishika mkono. Aliyefungua nitaandika hajulikani."

"Anajulikana!"

"Na wewe peke yako, uliyekwisha kula kiapo kingine. Mama Idonea, nisikilize. Jambo hili hili, mtu mmoja kuandikwa kwa neno la shahidi mmoja, ndilo lililomnyonga Ranulf. Unataka nilirudie?"

Alivaa kofia yake akatoka, na viatu vyake viliacha alama mbili za matope karibu na moto, ambazo sikuzifuta siku ile.

Amice sikutaka aambiwe na padri. Asubuhi yake nilikwenda kwake mimi mwenyewe kabla hajaja. Alikuwa anachana sufu kibarazani, shali imemfunika mpaka masikioni.

"Shikamoo, Mama. Leo umenifuata wewe? Maziwa yamechelewa?"

"Marahaba. Acha hiyo sufu kwanza, mwanangu."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Sikumficha dari, wala mimba, wala jinsi baba yake alivyonitazama. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa vijiti kwenye sufu, kimoja kimoja. Nilipofika mwisho nikamwambia jina litasomwa.

"Bruda ameandika kwenye kitabu chake?"

"Ameandika."

"Kitabu hicho nani anakisoma?"

"Watawa."

"Watawa." Akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Na wewe ulisemea wapi, siku ile?"

"Tanurini."

"Kaseme tanurini."

"Amice, wale wa wakati ule wamekufa karibu wote."

"Mimi nimetemewa mate na watoto wao. Kaseme."

Nilikwenda Jumamosi, siku wanayojaa. Nilibeba unga, maana ningeonekana kichaa kuingia mikono mitupu. Nikasema kwa sauti kwamba mwaka ule wa jeshi la kaskazini, aliyefungua hakuwa Ranulf, na kwamba mimi ndiye niliyemponza.

Wakatazamana. Wengine wasichana wasichana, hawajui hata jeshi lile lilikuwa la nani.

"Sasa alikuwa nani, Bibi?" akauliza mmoja, mke wa muuza samaki, mikono imejaa unga.

"Alikuwa Bawabu," nikasema.

"Si ndivyo tunavyojua sote? Bawabu!" Akawageukia wenzake. "Jamani mpeni Bibi kigoda, moshi umempanda kichwani."

Wakacheka, si kwa ubaya. Nikapaza sauti: "Hamo! Hamo mshona glavu, yule wa ukoo wa Bawabu!" Kicheko kikakatika palepale. Mjukuu wa Hamo ameolewa na meya, na dirisha la rangi kanisani ni la ukoo wao. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alichukua mikate yake haijaiva vizuri akaondoka. Yule mke wa muuza samaki akaniinamia sikioni: "Bibi, mama yangu alikuwa anakupenda sana. Usiyarudie hayo, utajiletea makubwa uzeeni." Wengine wakaanza kuzungumza habari ya bei ya samaki wa herini, wote kwa pamoja.

Nilimwambia Amice kwamba nimesema. Hakuuliza walijibu nini.

Siku ya Marehemu kanisa lilijaa mpaka kwenye baraza. Padri alisoma orodha kwa zaidi ya saa moja. Magoti yangu yalikufa ganzi, nikaegemea nguzo. Majina ya mwaka ule wa vita yako katikati, yamebanana. Alisoma wale kumi na mmoja. Akasoma, haraka kidogo, "Ranulf, aliyekuwa bawabu wa Lango la Kaskazini," na kanisa zima likaitika amina kama lilivyoitikia wengine. Kurasa kadhaa baadaye akamsoma Hamo, mfadhili wa dirisha, nao wakaitika amina ileile. Nami niliitika zote mbili.

Amice alikuwa mbele, upande wa wanawake, ameshikwa mkono na jirani. Hakugeuka. Watu walipotoka nilibaki kwenye nguzo, nikidhani atapita mlango wa pili. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, polepole, akipumzika kila baada ya mabenchi mawili matatu.

"Nataka ujue kitu kimoja," akasema. "Mama yangu ndiye aliyekuwa chumbani usiku kucha. Ndiye aliyembadilishia Baba vitambaa kichwani, ndiye aliyempa Hamo ufunguo kwa mkono wake. Aliona yote. Lakini ulipoapa, na mji wote ukasema, na ikaandikwa kitabuni, akaanza kujiuliza. Miaka yote akawa ananiuliza mimi, mtoto: 'Amice, labda nilisinzia? Labda aliamka nikiwa nimesinzia, akaenda langoni akarudi?' Alikufa hajui. Alikuwa anamwombea Baba asamehewe kwa lango."

Jirani alikuwa anamsubiri mlangoni na shali mkononi.

"Hakuwa amesinzia," Amice akasema, akaondoka.